Kumwagilia Mti wa Mwenzako: Maneno kwa Vijana Wanaokwenda Kusoma Japani

Shikamooni wazee mliokuja kuwasindikiza watoto. Vijana, hamjambo.

Waandaaji wamenipa mada ya kupata marafiki Japani. Mambo ya viza, benki na baridi mtaelezwa na watakaonifuata, nao wanayajua kuliko mimi. Nimeishi Saitama, mkoa ulio kaskazini ya Tokyo, kwanza nikisoma, baadaye nikifanya kazi. Kilichonifungulia milango ya watu huko hakikuwa chuo wala ofisi. Ni miti midogo inayolelewa kwenye vyungu, bonsai. Nilijiunga na chama cha mtaani cha watu wenye hobi hiyo, wengi wao wazee waliostaafu, na karibu yote nitakayosema leo nimeyaokota miguuni pao.

Niseme hoja yangu mapema, ili atakayesinzia kwa pilau la mchana asikose kitu. Kwetu urafiki huanza mdomoni. Salamu ndefu, habari za nyumbani, utani kidogo wa Mzaramo na Mnyamwezi, na chai ikija mmeshaitana shemeji. Japani, kwa watu wazima, urafiki huanza mikononi: kazi ndogo mnayoifanya pamoja, ileile, mwezi hadi mwezi, na maneno huja nyuma sana. Kwa hiyo ukifika usihangaike kutafuta marafiki. Tafuta jambo unalolipenda kwa dhati, tafuta wanaolifanya, halafu uwe mtu wa kuonekana pale kila wanapokutana. Ukikosa mara mbili bila taarifa umerudi mwanzo.

Watu hao si wa kutafuta kwa tochi. Manispaa nyingi zina kumbi za jamii, wanaziita kominkan, na kwenye ubao wa matangazo wa ukumbi utakuta karatasi za vyama vya kila namna: shogi na igo, ambayo ni michezo ya ubao, uandishi kwa brashi, kwaya, treni za mfano, upigaji picha wa ndege. Mwanzoni mwa Novemba, kuizunguka sikukuu ya utamaduni ya tarehe 3, miji mingi hufanya maonyesho ya vyama hivyo na kiingilio mara nyingi ni bure. Nenda na daftari. Tazama polepole. Yule anayekaa nyuma ya meza ya mapokezi ni mwanachama, si mfanyakazi wa manispaa, na amekaa pale tangu asubuhi akitamani mtu amuulize kitu. Muulize kitu cha kweli kuhusu kilicho mbele yako. Usimuulize bei. Bei ya mti wa mtu ni kama mshahara wake.

Mimi nilivutwa na Omiya, hukohuko Saitama, kwa hiyo niwape habari zake kidogo. Tetemeko kubwa la Kanto la mwaka 1923 liliteketeza sehemu kubwa ya Tokyo. Mafundi wa bonsai waliokuwa na bustani zao maeneo ya Sendagi na jirani zake wakatafuta mahali penye maji safi, hewa nzuri na ardhi ya kutosha, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao Omiya. Mwaka 1928 wakazi wakaandikiana masharti ya kuishi humo. Uwe na bonsai zisizopungua 10. Usijenge ghorofa. Uzio wako uwe wa mimea. Na lango lako liwe wazi kwa yeyote anayetaka kuja kutazama. Hadi leo bustani zilizobaki, ingawa ni chache, zinapokea wageni, na tangu 2010 kuna makumbusho ya umma ya bonsai palepale. Kila mwaka tarehe 3 hadi 5 Mei barabara za kijiji hujaa meza za miti, vyungu, mikasi na udongo, na watu hupishana kwa mabega.

Napenda sharti lile la lango, lakini lisikudanganye. Lango la bustani kuwa wazi si sawa na mlango wa nyumba kuwa wazi. Unaweza kuingia bustani ileile misimu yote minne, ukasalimiwa kwa heshima ileile kila mara, na mwenye bustani asikuulize hata unatoka nchi gani. Kijana wa kwetu huona hapo amedharauliwa. Anasema watu hawa wana roho baridi. Sivyo. Hajafanya jambo lolote linalompa mwenzake sababu ya kumjua, na huko kumchimba mgeni maswali huhesabiwa kuwa kumsumbua.

Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Japani utoaji wa jembe huchukua muda. Utabaki mgeni wa heshima kwa miezi mingi, unaletewa kiti, unamiminiwa chai, unasifiwa. Na sifa zenyewe! Ukisema maneno matatu ya Kijapani utaambiwa unakijua sana. Ukizungusha waya wa kulipinda tawi, hata ukiuzungusha hovyo, utasikia watu wakivuta pumzi kwa kustaajabu. Usivimbe kichwa. Siku mzee atakapokaa karibu yako, autazame waya wako, aguse mahali ulipolibana tawi mno na aseme, kwa sauti ya chini, kwamba hapa mti utapata kovu, ondoa uanze upya, siku hiyo ufurahi. Mgeni husifiwa. Anayerekebishwa ni mtu wanayetarajia kumwona tena mwezi ujao.

Jembe lenyewe huja kwa vipande vidogo. Kwanza utaachwa ubebe meza baada ya maonyesho badala ya kuombwa ukae. Halafu ufagio. Halafu jina lako litaandikwa kwenye karatasi ya zamu za mapokezi, Jumamosi saa 3 hadi saa 6, na utakaa nyuma ya ile meza ukiwakaribisha watu waliokuja kutazama miti ya wenzako. Fika dakika kumi kabla. Saa 3 kwao ni wakati wa kuanza kazi, na koti lako liwe limeshatundikwa. Hili la saa mtaambiwa na kila mtu hadi mchoke, kwa hiyo naliachia hapa.

Nikae zaidi kwenye maji, kwa sababu humo ndimo nilimoelewa mambo.

Watu wa bonsai wana msemo kwamba kumwagilia ni miaka mitatu. Yaani kujifunza kumwagilia tu, kabla hujashika mkasi, kunakula miaka mitatu. Nilidhani ni maringo ya mafundi. Kumbe chungu cha bonsai kina udongo kidogo sana, na kila mti una kiu yake. Msonobari hautaki kulowa muda wote. Mti wa maple wa majani membamba ukikauka mchana mmoja wa Agosti, kingo za majani huungua na msimu umeharibika. Chungu kidogo cha kiganja hukauka kwa saa chache. Kiangazi unamwagilia asubuhi na jioni, siku za joto kali hata mchana, na kila mara hadi maji yatoke matundu ya chini. Sasa fikiri maana yake kwa mtu mwenye miti 60 kwenye ua wa nyumba yake. Hawezi kusafiri. Hawezi kulazwa. Hawezi kwenda msiba wa mbali akalala huko, mpaka apate mtu wa kumwachia maji.

Mwenzetu mmoja chamani, seremala mstaafu aliyepita miaka 70, alinikuta nikikunja meza. Akasema wiki ya pili ya Agosti atafanyiwa upasuaji wa jicho. Akanyamaza. Akasema watabiri wa hali ya hewa wanasema mwaka huu jua litakuwa kali. Akanyamaza tena, akaendelea kuviringa kamba aliyoishika. Ombi lilikuwa limeshatolewa. Kilichobaki ni mtu kulisikia. Nikamwambia napita karibu na kwake asubuhi nikienda kazini na jioni nikirudi, kama si usumbufu ningeweza kuitupia miti yake maji. Akakataa. Nikarudia. Akasema basi, kama ni hivyo.

Kesho yake nikakuta bahasha kwenye sanduku langu la barua. Ndani mlikuwa na ramani ya ua wake iliyochorwa kwa rula: mabenchi matatu, kila chungu na namba yake. Namba za kalamu nyekundu ni miti inayokunywa mara mbili kwa siku. Zilizozungushiwa penseli ni za kivulini, zitazamwe kwanza kabla ya kumwagiliwa. Na chini kabisa ameandika kwamba kabla ya kuelekeza mpira wa maji kwenye miti uachwe umwage chini kwanza, kwa kuwa maji yaliyolala ndani ya mpira juani huwa ya moto na yanaunguza mizizi. Mtu huyu hakuwa amewahi kuniuliza kama nina mke. Lakini alinikabidhi vitu ambavyo baadhi yake vilikuwa hai kabla yeye hajazaliwa.

Hapo kuna kishawishi, nawatahadharisha. Uko peke yako kwenye ua wa watu, unaona tawi limechomoza vibaya, na mkasi umetundikwa ukutani. Usikate. Umeombwa maji, toa maji. Ukiona kitu cha wasiwasi, jani limebadilika rangi au chungu kimeinama, piga picha utume ujumbe mfupi usiku huohuo, hata kama unaona ni kitu kidogo. Watu hawa wanaweza kusamehe mti uliokufa. Kuficha ndiko wasikoweza kukusamehe.

Alipotoka hospitali alikuja kwangu na sanduku la mapeasi ya Chiba, akainama, tukasimama mlangoni dakika tano, akaondoka. Nilidhani ndiyo yamekwisha. Miezi kadhaa baadaye akanichukua hadi bustani moja ya Omiya, ile ambayo nilikuwa nikiingia na kutoka kama mtalii, akamwambia mwenye nayo: huyu ndiye hunimwagilia miti nikiwa sipo. Hakuongeza neno. Tuliingia hadi nyuma, kwenye mabenchi ambayo hayatazamwi na wageni, na tukaletewa chai.

Mtu anayekutambulisha namna hiyo amekuwekea dhamana. Tangu siku ile ukichelewa, amechelewa yeye. Ukiomba picha bila adabu, ameomba yeye. Ndiyo maana hawatambulishi watu ovyo, na ndiyo maana kujipenyeza mwenyewe kwa fundi mkubwa kwa kumpigia simu na kujinadi ni kazi bure. Wako wageni waliokwenda kuwa wanafunzi kamili wa mafundi, wakalala na kuamka hapohapo bustanini. Mmarekani Ryan Neil alikaa miaka sita kwa Masahiko Kimura. Hiyo ni njia nyingine na ngumu. Sisi wa hobi tunapita njia ya chama, ni ndefu lakini unakwenda nayo huku ukisoma shahada yako.

Niongeze kwamba sanaa yenyewe inaendeshwa kwa kukabidhiana. Kuna maonyesho makubwa yanaitwa Kokufu-ten, yalianza 1934, hufanyika kila Februari pale Ueno, Tokyo. Miti mingi utakayoiona pale wenye mali ni watu wa kawaida wa kazi nyingine, na aliyeilea na kuiandaa ni fundi. Mti unaweza kukaa kwa fundi miaka mingi, mwenyewe akija kuutazama mara chache. Na kwa kuwa mti unaishi kuliko mtu, kila mwenye nao anajijua kuwa mlezi wa zamu yake. Ukielewa hivyo utaelewa kwa nini hawana haraka na wewe.

Sasa zawadi. Vijana wetu hubeba vinyago vizito vya Wamakonde, nia njema kabisa. Nawasihi mviache. Nyumba za kule ni ndogo, na anayepokea kitu kikubwa hujiona ana deni la kurudisha kitu kinacholingana. Umempa mzigo mara mbili. Beba kahawa. Jina Kilimanjaro wazee wa Japani wanalijua kupitia kahawa kabla ya kulijua kupitia mlima, na pakiti ndogo ya gramu 100 inampa mtu kitu cha kusimulia. Korosho za kukaanga nazo zinapendwa. Chagua vitu vinavyogawanyika, kila mmoja apate chake kilichofungwa peke yake, kwa sababu zawadi ya safari huwekwa katikati ya meza na kila mwanachama huchukua moja. Ukipewa kitu, rudisha kidogo, baada ya muda kidogo, na kisizidi ulichopewa. Ukirudisha kikubwa zaidi umeanzisha mashindano.

Kuna jambo la kula na kunywa, na najua humu wapo Waislamu wenzangu na walokole. Baada ya maonyesho chama huenda kula pamoja na hapo sake na bia hutembea. Mimi situmii kilevi wala nguruwe, na sijawahi kuona hilo likivunja urafiki. Linalovunja ni muda wa kulisema. Mwandalizi huweka oda ya chakula siku kadhaa kabla, kwa idadi ya watu, sahani hizohizo kwa wote. Ukinyamaza hadi sahani ifike ndipo useme hiki sili, umemwaibisha mbele ya wakubwa zake kwa kosa ambalo hakujua kuwa analitenda. Mwambie siku ileile anapokusanya majina, kwa sentensi mbili, bila mawaidha: sinywi pombe, sili nguruwe, samaki nala. Atafurahi kwa kuwa umempa kitu anachoweza kukishughulikia. Wakati wa kampai inua glasi yako ya chai ya baridi pamoja na wengine. Mmiminie jirani yako kinywaji chake ikiwa dini yako inakuruhusu. Isipokuruhusu, kuna mtu mwingine atamimina, wewe peleka sahani.

Na hudhuria. Kwenye meza ile ndipo utakaposikia yasiyosemwa chamani: nani ana ugomvi na nani tangu zamani juu ya mti ulionunuliwa, nani mtoto wake hapigi simu. Utakachosikia pale kiache palepale. Kesho yake wote watasalimiana kana kwamba hakuna lililosemwa, na wewe fanya hivyohivyo.

Fedha ni jambo dogo ila linapima mtu. Mkutano wa mwaka mweka hazina husimama kusoma hesabu hadi yeni ya mwisho, na stakabadhi ya mkanda wa gundi ikiwemo. Ada yako iweke kwenye bahasha safi, kiasi kamili, usimfanye mzee atafute chenji.

Nataka kuwasimulia juu ya mti mmoja ambao haupo Japani tena. Mwaka 1976 Marekani ilipotimiza miaka 200, Wajapani waliipa zawadi ya bonsai 53, zikapelekwa kwenye bustani ya taifa ya miti jijini Washington. Mmoja ni msonobari wa sindano tano uliotolewa na fundi Masaru Yamaki wa Hiroshima. Mti huo umekuwa ukilelewa tangu mwaka 1625. Wahudumu wa Washington waliumwagilia, wakaupogoa, wakauonyesha kwa watu kwa miaka 25. Mwaka 2001 wakaja vijana wawili, wajukuu wa Yamaki, kutaka kuuona mti wa babu yao, na kwa hao ndipo wahudumu walipojua kwamba tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipoanguka, mti huo ulikuwa nyumbani kwa akina Yamaki, umbali wa kama kilomita tatu, nyuma ya ukuta wa bustani. Vioo vya nyumba vilipasuka vikawajeruhi waliokuwa ndani. Ukuta ukaukinga mti.

Watu hutafsiri kisa hiki kwa namna nyingi; mimi nina yangu. Yamaki aliipa nchi iliyoupiga mji wake kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo, na hakuwabebesha aliowapa habari yake. Aliwapa mti waulee. Sidhani ni unafiki, wala sidhani ni usahaulifu. Mtu wa Hiroshima hasahau. Nadhani aliona kwamba wakijua, watautazama kwa hatia, na yeye alitaka utazamwe kama mti. Ninyi mtakapokabidhiwa kitu na mzee wa Kijapani, chungu kilichopasuka ukingo, mkasi uliochakaa mpini, msidhani ni takataka za kabatini. Kitunzeni kama chenye habari ndefu. Huenda mtaisikia baada ya miaka 25, huenda msiisikie kabisa.

Lakini nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Japani kuna ubaguzi, na hobi haiufuti. Wizara ya sheria ya huko ilifanya uchunguzi, matokeo yakatoka 2017, na kati ya wageni waliokuwa wametafuta nyumba ya kupanga karibu 4 katika kila 10 walisema wamewahi kukataliwa kwa kuwa ni wageni. Mtapanda treni iliyojaa na kiti cha pembeni yenu kitabaki kitupu. Mtakutana na mwanachama ambaye hatawasemesha kamwe, miaka yote, na hakuna msonobari utakaombadilisha. Msimfanye yeye kuwa mradi. Wapo wengine kumi na wawili chumbani.

Dada zangu, vyama vingi vya bonsai ni vya wanaume wazee, na si kila mmoja wenu atajisikia vizuri humo. Angalieni kwanza mikutano miwili kabla ya kulipa ada. Kupanga maua na sherehe ya chai kuna wanawake wengi, na huko nidhamu yake ni kali kuliko ya kwetu, msije mkasema sikuwaambia.

Pia rafiki wa chama anaweza akabaki rafiki wa chama. Mtaongea juu ya udongo wa akadama na mbolea kwa muongo mzima, asijue jina la mama yako. Mwanzoni inauma. Baadaye niliona kuwa kuna raha yake: mtu anayenijua kwa namna ninavyofunga waya na kwa saa ninayofika, na amenikubali kwa hayo, bila kunihoji ukoo. Yale mengine, ya kulia na kucheka kwa Kiswahili, pigieni simu nyumbani, na kama mtakuwa karibu na Osaka, chuo kikuu chao kina idara inayofundisha Kiswahili. Mtakutana na Wajapani watakaowashinda kwa ngeli.

La mwisho ni kuondoka, na hili hatulifikirii tunapoingia. Mtamaliza masomo, mtarudi. Miti haipandi ndege kirahisi: mimea inahitaji vyeti vya afya, na nchi nyingi haziruhusu udongo wa kigeni kuvuka mpaka kabisa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza jua kwamba mti wako utabaki. Watu watalichunguza hilo bila kusema, kwa kuwa wameona wageni wengi waliokuja kwa shauku wakatoweka na kuacha vyungu vimekauka kwenye roshani ya nyumba ya kupanga. Miezi sita kabla ya kuondoka, waambie. Usingoje wiki ya mwisho. Andika orodha ya miti yako: kila mmoja ulitoka kwa nani, lini ulibadilishwa udongo, unakunywa namna gani. Mti uliopewa na mtu, muulize kwanza yeye kama anautaka urudi, kabla hujaupeleka kwa mwingine. Atasema hapana, mpe fulani, lakini alipaswa kuulizwa. Udongo ubadilishe mwenyewe ikiwa wakati wake umefika, usimwachie mrithi kazi yako.

Ukiondoka hivyo, kadi ya mwaka mpya itakufuata hadi Tanga, nawe ujibu, kila mwaka, hata mistari miwili. Sema miti ya huku inaendeleaje. Uliza ya kule. Na ukirudi Japani hata baada ya muda mrefu, usipige simu kutoka uwanja wa ndege. Andika mwezi kabla, ili wapange zamu zao.

Nimeona mwenyekiti anatazama saa, na kwa mada hii si vizuri nikazidisha muda. Maswali sasa. Nianze na yule kijana wa nyuma aliyeinua mkono tangu nilipotaja sake.